Somo la Uchumi na Swali la Haki

Uchumi ni elimu ya kuchagua. Mwalimu wa kidato cha tano anapoufungua huanza na jambo ambalo kila mwanafunzi amelijua tangu nyumbani: mahitaji ni mengi, vya kuyakidhi ni vichache, na anayeshika hiki huachia kile. Ekari iliyopandwa alizeti haiwezi msimu huohuo kupandwa mahindi. Fedha iliyolipa ada haipo tena ya kununulia bati. Juu ya jambo hilo dogo hujengwa mengine yote: bei, mishahara, riba, kodi, thamani ya sarafu, biashara baina ya nchi. Lipo swali ambalo muhtasari wa somo hulipita haraka. Je, kuyajua haya ni kujua tu dunia inavyokwenda, au ni kujifunza pia namna mtu anavyopaswa kuishi ndani yake? Mambo haya mawili hayaachani kirahisi kama vitabu vya kiada vinavyoonyesha. Asiyejua uchumi hawezi kuhukumu kwa haki mambo ya fedha, hata awe na moyo safi. Na anayejua uchumi peke yake naye hawezi.

Somo lenyewe lilizaliwa ndani ya falsafa. Adam Smith alikuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow tangu 1752. Kitabu chake cha 1759 kilihusu hisia za kimaadili: jinsi mtu anavyoweza kujiweka mahali pa mwenzake, kisha akayatazama matendo yake mwenyewe kama ambavyo mtu asiye na upande angeyatazama. Kile cha 1776, kilichohusu utajiri wa mataifa, kilichipuka kutoka kwenye mihadhara aliyoitoa katika kiti hichohicho cha uprofesa. Kutengana kulikuja baadaye. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliupa uchumi mtihani wake wa shahada mwaka 1903, kwa juhudi za Alfred Marshall. Mwaka 1932 Lionel Robbins wa London School of Economics akachora mpaka unaofuatwa hadi leo: uchumi huchunguza uhusiano kati ya malengo ya watu na njia chache walizonazo za kuyafikia; kama malengo hayo ni mema au maovu, hiyo ni kazi ya wengine. Ufafanuzi huo ndio unaokaririwa, kwa maneno yanayotofautiana kidogo, na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki.

Robbins alikuwa na hoja nzito. Anayesema kwamba ushuru mpya utapandisha bei ya sukari hapaswi kusema hivyo kwa sababu anaupenda au anauchukia ushuru. Ukweli wa jambo lazima uchunguzwe kabla ya kulipa sifa au lawama, na mwanafunzi anayezoea nidhamu hiyo amepata kitu cha thamani. Ila mpaka huo ulikuwa wa kugawana kazi, na shuleni umegeuka ukuta. Julius Nyerere, aliyesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, alikuwa na uchumi wa kisiasa na falsafa ya maadili katika orodha ya masomo yake. Mwanafunzi wa leo wa mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati anaweza kumaliza kidato cha sita bila kuulizwa hata mara moja kama bei fulani ni ya haki.

Swali la bei ya haki ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, alieleza katika kitabu chake cha wajibu kisa cha mfanyabiashara mwema aliyepakia nafaka Alexandria akaipeleka kisiwa cha Rhodes, ambako watu walikuwa na njaa na bei ilikuwa juu. Njiani alikuwa amezipita meli nyingine zilizosheheni nafaka, zikielekea kisiwa hichohicho. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei anayoikuta? Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wajibu. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji anapaswa kutaja kasoro za bidhaa kama sheria inavyotaka, na asidanganye. Lakini kutosema si sawa na kuficha. Mwanafunzi wake Antipater anapinga: wanadamu ni jamii moja, faida ya mmoja ni faida ya wote, hivyo hakuna ruhusa ya kumficha mwenzako jambo ambalo lingemfaa kulijua. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa Antipater.

Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas aliliangalia swali hilohilo akajibu tofauti. Muuzaji anayeuza kwa bei ya siku hiyo, alisema, hatendi kinyume cha haki akinyamaza, kwa kuwa kushuka kwa bei ni jambo linalotarajiwa tu na halijatokea; lakini akisema, au akipunguza bei, ametenda kwa wema ulio mkubwa zaidi. Jibu hili linafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake maadili na uchumi vimeshikana. Aquinas hangeweza kulitoa bila kuelewa kwamba bei hufuata wingi wa bidhaa, na kwamba taarifa ya mzigo ulio njiani hushusha bei kabla mzigo haujafika. Mwanafunzi wa uchumi angeongeza jambo lingine: bei ya juu ya Rhodes ndiyo iliyozivuta zile meli. Kama kila anayewahi atalazimishwa kuuza kama aliyechelewa, nani atakayewahi mara nyingine watu wakiwa na njaa? Naye Antipater angeuliza kwa haki yake: mama wa Rhodes aliyeuza vyombo vyake vyote asubuhi ili anunue kibaba, jioni bei ikashuka, amekosewa na nani? Hakuna kanuni ya soko inayolifuta swali hilo. Leo dalali wa soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hupiga simu akajua bei ya Dar es Salaam kwa dakika moja, na wakulima wengi nao wana simu. Teknolojia imepunguza siri za mwenye mzigo. Wajibu wake kwa asiyejua haujapungua.

Uislamu nao ulilikabili jambo hili mapema. Bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume Muhammad wakamwomba aziwekee kikomo. Kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa kwa Anas bin Malik na kuhifadhiwa na Abu Dawud na Tirmidhi, alikataa, akaeleza kwamba bei ziko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba hakutaka kukutana na Mola wake huku kuna mtu anayemdai dhuluma. Mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, aliichambua hukumu hiyo kwa makini ya mchumi. Ikiwa watu wanauza kama kawaida bila dhuluma, na bei imepanda kwa sababu bidhaa zimepungua au wanunuzi wameongezeka, basi kuwalazimisha bei fulani ndiko kuwadhulumu. Lakini wauzaji wakihodhi chakula ambacho watu wanakihitaji, mtawala ana haki ya kuwalazimisha wakitoe kwa bei inayostahili. Hukumu inategemea sababu ya bei kupanda. Kwa hiyo kadhi asiyejua kutofautisha uhaba na uhodhi hana njia ya kutoa hukumu iliyo sawa, hata akiwa amehifadhi maandiko yote.

Tanzania ina funzo lake la karibu zaidi. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Taifa ya Bei, na bei za orodha ndefu ya bidhaa zikapangwa na serikali. Nia ilikuwa njema, na hakuna sababu ya kuitilia shaka: mnyonge asinyonywe. Kisha mambo yakaongozana: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta duniani, uhaba wa fedha za kigeni. Gharama zilipanda, bei iliyopangwa ikabaki chini, na sukari, sabuni na khanga vikatoweka madukani. Wenye maduka waliuza kwa mlango wa nyuma, walanguzi wakanawiri, na mnyonge yuleyule aliyekusudiwa kulindwa akapanga foleni tangu alfajiri na kuondoka mikono mitupu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumjua ndani ya duka. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983, ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, uliwaadhibu wengi bila kuongeza kipande kimoja cha sabuni kilichotengenezwa. Bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yalianza kujaa tena, na zama za ruksa za Rais Ali Hassan Mwinyi zikaendeleza mkondo huo.

Mwanafunzi akiishia hapo atatoka darasani akiamini kwamba soko likiachwa lenyewe mambo hunyooka, na hilo ni kosa kubwa vilevile. Mchumi Amartya Sen alikuwa mtoto Bengal ilipokumbwa na njaa ya 1943, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3. Katika kitabu chake cha 1981 alionyesha kwamba chakula kilichokuwapo Bengal mwaka ule hakikupungua kiasi cha kueleza vifo vingi namna hiyo. Matumizi ya vita yalikuwa yamepandisha bei ya mchele. Ujira wa vibarua wasio na ardhi haukupanda nayo, na wavuvi na mafundi wadogo wakakosa wa kuwauzia. Mchele ulikuwapo, wa kuununua hawakuwa na uwezo. Bei zilifanya kazi yake kama kitabu kinavyoeleza na watu wakafa. Mtu aliyejifunza habari za foleni za Tanzania na za vibarua wa Bengal kwa pamoja hawezi tena kuwa mtumwa wa kaulimbiu, iwe ya soko au ya dola.

Penye uzito mkubwa zaidi kwa mwanafunzi mwenye dini ni riba. Kitabu cha kidato cha tano kina jedwali la nyenzo nne za uzalishaji na malipo yake: ardhi hupata pango, kazi hupata mshahara, mtaji hupata riba, ujasiriamali hupata faida. Mwanafunzi wa Unguja aliyetoka madrasa jana jioni analikuta jedwali hilo asubuhi. Huko alifundishwa kwamba Sura ya Al-Baqara inatenga biashara na riba, ya kwanza ikahalalishwa na ya pili ikaharamishwa. Huku riba imewekwa safu moja na mshahara, kama kitu kisichohitaji utetezi. Aghalabu hakuna anayemwambia kwamba mgongano huo ni mojawapo ya mijadala mikubwa ya historia ya fikra. Hujifunza kuishi na majibu mawili, moja la mtihani na moja la msikitini, na hilo ni hasara kwa pande zote mbili.

Mwenzake Mkristo naye anastahili kujua kwamba kanisa lake lilishikilia katazo hilo kwa karne nyingi. Mtaguso wa tatu wa Laterani, mwaka 1179, uliwanyima wala riba wa wazi maziko ya Kikristo. Njia ya kulegeza ilipatikana pole pole, na inavutia kwa sababu ilipitia palepale somo la uchumi linapoanzia. Wanateolojia walikubali kwamba mkopeshaji ambaye fedha zake zingemzalia katika biashara halali, akaziacha ili kumfaa mwenzake, anaweza kufidiwa faida iliyomkosa. Thamani ya kilichoachwa, ile mada ya wiki ya kwanza ya kidato cha tano, ndiyo iliyofungua mlango. Katika karne ya 16 mwanateolojia wa Kiprotestanti John Calvin aliufungua zaidi, huku akishikilia kwamba maskini asitozwe riba.

Benki za Kiislamu, kama Gulf African Bank iliyofunguliwa Kenya mwaka 2008 na Amana Bank iliyoanza Tanzania mwaka 2011, zinatoa mfano hai wa kuchambua. Katika muamala wa murabaha, benki haikopeshi fedha, hununua kitu. Tuseme inanunua bajaji kwa shilingi milioni 8 na kumuuzia mteja kwa milioni 10, zilipwe kidogo kidogo kwa miaka miwili. Wapinzani husema hesabu ni ileile ya mkopo wa riba, jina tu ndilo limebadilika. Watetezi hujibu kwamba bajaji ikiungua kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya benki; na mteja akichelewa kulipa, bei haizai bei nyingine. Anayetaka kujua nani ana haki katika ubishi huu lazima aulize swali la kiuchumi: nani anabeba hatari, kwa muda gani? Benki ikimiliki bajaji kwa dakika chache za karatasi tu, hoja ya mpinzani inapata nguvu. Ikibeba hatari ya kweli, au ikiingia mudaraba wa kugawana faida na kubeba hasara ya mtaji, tofauti na mkopo inakuwa kubwa. Hapo fiqhi na uchumi vinahitajiana, wala kimoja hakimdhalilishi mwenzake.

Mitaani mjadala una sura kali zaidi. Mikopo inayoitwa kausha damu hutolewa kwa siku chache bila maswali mengi, kwa dhamana ya televisheni, kadi ya benki au godoro. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 100,000 unaorudishwa 130,000 baada ya mwezi. Asilimia 30 masikioni haitishi. Lakini mkopaji akishindwa kulipa, na deni lote likaandikwa upya kila mwezi kwa kiwango kilekile, baada ya miezi 12 atadaiwa zaidi ya shilingi milioni 2.3. Hesabu hiyo hufanywa kwa kalamu na karatasi katika kipindi kimoja cha darasa, na mama lishe ambaye hakufundishwa huilipia kwa vyombo vyake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya 2018 iliwaweka wakopeshaji wa namna hii chini ya leseni. Katika vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, wanachama nao hutozana riba, ila ziada hurudi kwao wenyewe siku ya kuvunja kikoba. Kiwango kinaweza kukaribiana. Tofauti ni nani anayekula ziada na nani aliyekaa kwenye kikao kilichokipanga. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha katazo la kale, na inaonekana wazi zaidi kwa aliyejifunza kuhesabu.

Lipo pingamizi ambalo walimu wa uchumi hawapaswi kulikwepa: kwamba somo lenyewe huwafanya wanafunzi wawe wabinafsi. Mwaka 1981 Gerald Marwell na Ruth Ames walichapisha matokeo ya jaribio la Wisconsin ambamo watu walipewa fedha, wakaamua kiasi cha kuweka kwenye mfuko wa wote. Wanafunzi wa uchumi wa shahada ya juu waliweka wastani wa asilimia 20. Wengine asilimia 49. Huenda wenye mwelekeo huo ndio wanaovutiwa na somo. Huenda pia mtu akiambiwa kila siku kwamba binadamu hutafuta faida yake tu huishia kuamini, kisha kutenda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 na Uri Gneezy na Aldo Rustichini ulihusu vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israel. Baadhi vilianza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Wachelewaji wakaongezeka, na faini ilipofutwa hawakupungua. Aibu ya kumchelewesha mlezi ilikuwa imegeuzwa bei, na aliyelipa alijiona hana deni.

Pingamizi hili ni la kweli, ila dawa yake imo ndani ya uchumi wenyewe. Mwanaikolojia Garrett Hardin alidai mwaka 1968 kwamba malisho ya wote huharibiwa na wote. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba jamii nyingi zimehifadhi mali ya pamoja kwa kanuni zao. Kijiji cha Törbel, Uswisi, kiliandika mwaka 1517 kwamba hakuna mtu apeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua yaliwe kiangazi, na vikao vya dagashida vya kumwadhibu anayevunja utaratibu. Ngitili nyingi zilipotea, kisha zikafufuliwa kwa wingi baada ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanza mwaka 1986. Kitabu cha uchumi kinachomweleza Hardin na kumwacha Ostrom hakijakosea hesabu; kimekosea binadamu.

Nyerere aliliona tatizo hili katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alipoikosoa shule inayokuza tamaa ya mtu mmoja mmoja. Alitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua mapato yatumikeje. Sehemu hiyo ya pili ilisahauliwa mapema. Mahali pengi shamba lilibaki kuwa jembe, wakati mwingine adhabu, na daftari la mapato likakaa ofisini. Kama wanafunzi wangelishika wao, wakabishana kama fedha ya mahindi inunue mbolea au madawati, wangekuwa wamesoma uchumi na maadili kwa saa moja.

Wanaofika kidato cha tano ni wachache, na wanaochagua mchepuo wenye uchumi ni wachache zaidi, ilhali kodi, mikopo na bei humhusu kila mtu. Kenya iliona mwaka 2024 kinachotokea raia wanapoamua kusoma. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate. Vijana waliupitia kifungu kwa kifungu na kuueleza mitandaoni kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Serikali iliuondoa mkate kwenye orodha, lakini maandamano yaliendelea. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni na watu wakauawa mitaani, na siku iliyofuata Rais William Ruto akasema hatausaini. Mkate ulikuwa mfano mwafaka wa swali zima. Tajiri na maskini wangelipa shilingi ileile kwa mkate uleule, ila ingetoka kwenye mifuko isiyolingana. Uchumi hueleza mzigo unamwangukia nani na kwa uzito gani. Kama ni haki umwangukie hivyo, hilo raia lazima waliamue, na waliamue wakijua kwamba dola isiyokusanya hapa itakusanya pengine au itakopa. Deni lililousukuma muswada ule lilibaki palepale baada ya muswada kuanguka, na Desemba ya mwaka huohuo sheria nyingine ya marekebisho ya kodi ilitiwa saini, nayo ikiwa na vifungu vya kusomwa kimoja kimoja.